Land Rover kuukuu: penzi ama wazimu?
Msee, usinicheke. Akiba ya miaka mitatu nimeimwaga kwa pikapu ya Land Rover Series III, zile zilizoundwa kati ya 1971 na 1985, iliyofufuliwa na fundi wa jua kali. Usukani mzito kama mkokoteni, na petroli inakunywa kama ngamia aliyefika kisimani. Mamangu bado anauliza kwa nini sikununua Probox.

Lakini hii unaitengeneza kwa spana, si kompyuta!

Ukienda kuangalia yako, rangi isikuzuzue. Bodi karibu yote ni alumini, haishiki kutu. Chesisi ni chuma. Ingia chini, gongagonga na nyundo. Mimi sikuingia. Wiki ya pili nilikuwa kwa welda, na pesa za kukopa.

Naiuza? Zii.