Si mtandao kila mara: betri ndogo inavyochelewesha mzigo mpakani

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, nia ilikuwa lori lisimame mara moja badala ya mbili. Lakini muda unaookolewa getini unaweza kuliwa na kompyuta ya wakala, ghala au sacco. Mwenye nyanya kutoka Mwello, Tororo, huambiwa asubiri kwa kuwa mtandao uko chini, na matenga yanalainika juani.

Wakati mwingine mtandao hauna kosa. Kosa liko ndani ya seva, kwenye betri ndogo inayotoshea kiganjani.

Seva nyingi za ofisi huwa na kadi inayosimamia diski zake. Kadi hiyo ina kumbukumbu ya muda, iitwayo kashe. Karani akiingiza malipo, kashe huyapokea papo hapo na kujibu kuwa yameandikwa, kisha huyapeleka diskini baadaye. Ni kama mtunza ghala anayepokea magunia mlangoni na kutoa stakabadhi, huku wapagazi wakiyapanga taratibu.

Umeme ukikatika, kashe husahau yote. Ndiyo sababu ina betri yake, ya kutunza kumbukumbu hadi umeme urudi. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha kutoa stakabadhi mapema. Kila andiko husubiri lifike diskini kwanza. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua zaidi ya milisekunde 8 kwa mzunguko mmoja, hivyo huweza kuandika kumbukumbu ndogo zilizotawanyika mara mia moja hivi tu kwa sekunde. Foleni huanzia hapo.

Dalili yake ni hii: kuangalia salio ni haraka, kuandika muamala ndiko kunakokwama. Onyo huwa limo kwenye kumbukumbu za matukio za seva, ambazo wengi hawazifungui. Ikiwa uzito huo hudumu saa chache tu kisha huisha, huenda kadi inajipima betri: huimaliza chaji na kuijaza upya.

Fundi mwenye haraka anaweza kuilazimisha kashe ifanye kazi bila betri. Kasi itarudi, lakini umeme ukikatika ghafla, malipo yaliyokwisha kukubaliwa yanaweza kupotea. Mfanyabiashara atabaki na risiti mkononi, na ofisi haina kumbukumbu yoyote ya fedha zake.

Dawa ni kubadilisha betri kabla haijafa. Za lithiamu huchoka baada ya miaka michache, na joto la chumba kisicho na hewa huziwahisha. Kadi za kisasa hutumia kapasita na kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimika.

Kwa mwenye mzigo, risiti ya karatasi bado ni ngao. Na ofisi ikilaumu mtandao kila siku huku simu yake inapata intaneti vizuri, ana haki ya kuuliza: betri ya seva ilikaguliwa lini?