Vita vya Oksijeni Ndani ya Kidonda

Leo nawapeleka Mlima Elgon, huko mbele ya Kitale. Katika mapango ya mlima huo wanaishi pimbi, na pamoja nao wako usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wasio na kelele. Usubi humnyonya pimbi damu, kisha humwuma mchungaji aliyejihifadhi pangoni na ng'ombe wake. Hapo ndipo kimelea kiitwacho Leishmania aethiopica huingia katika ngozi ya mtu. Baada ya majuma au miezi hutokea uvimbe, mara nyingi usoni, ukageuka kidonda kinachoweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Gilgil pia kuna ugonjwa wa namna hii, ila kimelea chake ni Leishmania tropica.

Nimesoma na kijana wa kutoka mlimani mwenye kovu la kidonda hicho shavuni. Wengine walisema ati amerogwa, wengine wakakataa kula naye meza moja. Jamani! Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kushikana mikono. Lazima usubi apite katikati.

Sasa, mbona kidonda hakiponi upesi? Hapa ndipo penye utamu. Chembechembe nyeupe za damu zikimeza adui humtilia sumu zinazotokana na oksijeni. Mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Bakteria wengi hufa. Leishmania, wapi! Ngozi yake ya nje hulizuia jiko la sumu lisiwake sawasawa. Tena kina ngao, molekuli iitwayo tripanothioni, iliyoelezwa mwaka 1985 na Alan Fairlamb, Anthony Cerami na wenzao kule New York. Ngao hiyo huizima sumu, nacho kimelea huzaana ndani ya askari yule yule aliyetumwa kukiua. Ujeuri ulioje!

Mwili nao hauachi kupigana. Sumu ikizidi uwezo wetu wa kuizima, huanza kuharibu mafuta na protini za seli zetu wenyewe, kama kutu inavyokula bati. Hali hiyo ndiyo mkazo wa oksidisho. Mwaka 1999 watafiti wa Uturuki walipima damu ya wagonjwa wa vidonda vya Leishmania, wakaripoti kwamba mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa hivyo yalizidi yale ya watu wenye afya.

Sisi binadamu hatuna tripanothioni, twatumia glutathioni. Basi dawa ikivunja ngao ya kimelea, yetu yaweza kusalimika. Sindano za antimoni, zilizotumika miaka mingi, huivuruga ngao hiyo, lakini huchomwa kwa majuma, zinauma, zaweza kudhuru moyo, na si kila mgonjwa wa Elgon anayepona kwazo. Wanakemia wangali wanatafuta iliyo bora. Kwa sasa, aliyelala mapangoni akatokwa na kidonda kisichouma wala kupona aende hospitali: ngozi ikikwanguliwa kidogo na kutazamwa kwa hadubini, kimelea chaweza kuonekana.