Ngoma Yako Mwenyewe Itatoka Wapi?

Mavuno yakiisha vikundi vya ngoma huanza mazoezi. Katika kuzungukia madarasa ya kisomo tumeulizwa swali hili mara nyingi: "Sisi tunacheza sawasawa na wenzetu wa kijiji cha pili, mbona watu wanakwenda kwao?" Jibu letu ni fupi. Wanakwenda kwao kwa sababu ninyi mnacheza sawasawa na wao.

Huku Usukumani jambo hili si la mzaha. Tangu karne ya 19 kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Kwa desturi wakishindana hucheza wote kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji akichoka hasemi neno, anageuka tu anakwenda upande wa pili. Kwa hiyo manju lazima awe na jambo jipya. Wapo wanaotafuta ushindi kwa dawa. Hayo tunawaachia wenyewe, ila hata mwenye dawa tumemwona akifanya mazoezi mpaka usiku.

Sasa jambo jipya linapatikana wapi? Tazama Bugobogobo, ngoma ya majembe. Ilianzia shambani, watu wakilima pamoja huku ngoma zinapigwa, ili majembe yaende kwa mwendo mmoja. Watunzi walichukua kazi wanayoifahamu: kuinua jembe, kulishusha, kusogea hatua. Kisha wakaanza kuichezea. Jembe likazungushwa, likarushwa juu na kudakwa. Anayetazama anajua hiki ni kilimo, na anajua pia kwamba hakuna mkulima anayelima vile! Hapo ndipo ilipo kazi ya mtunzi.

Nawe fanya hivyo. Chagua kazi moja unayoifanya kila siku, siyo ya kusikia kwa watu. Kutwanga, kuvuta nyavu, kuswaga ng'ombe. Ifanye polepole, mikono mitupu. Utaona mambo ambayo hukuyajua. Mathalani, anayetwanga hulegeza magoti kabla mchi haujafika chini. Basi goti hilo ndilo mali yako. Lirudie mpaka usilifikirie tena. Halafu libadilishe: haraka, polepole, ukigeuka, ukiwa chini kabisa, watu wawili mkielekeana, mmoja akianza pale mwenzake anapomaliza. Mpiga ngoma awepo tangu siku ya kwanza, maana naye anatunga. Katika mabadiliko 10 huenda mawili tu yakafaa. Mengine yaache bila huruma, hata kama yamekula jioni nzima. Wengi hushindwa hapa. Huweka kila kitu, ngoma ikawa ndefu, na watu wakageuka.

Jambo lingine ni daftari. Tulifika kijiji kimoja ambako manju mzee alikuwa amefariki. Wachezaji wake walikuwepo, ngoma zilikuwepo, njuga zilikuwepo. Wakaanza vizuri mpaka katikati, halafu wakasimama. Mmoja anasema tunageuka kushoto, mwingine anasema hapana, kwanza tunachuchumaa. Wakabishana pale pale mbele yetu. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, akasema kwa masikitiko, "Mzee alikuwa nayo kichwani."

Ninyi mnajua kuandika. Chora mduara au mistari ya wachezaji. Weka alama moja kwa wanaume na nyingine kwa wanawake, na mshale kuonyesha wanakokwenda. Hesabu mapigo, andika: mapigo 8 mbele, 8 kuchuchumaa, 4 kugeuka kushoto. Usisahau tarehe. Andika hata yale uliyoyaacha, mwaka kesho huenda yakafaa.

Yule mama alikuwa na daftari lake la hesabu. Akawakalisha wachezaji chini, akawauliza mmoja mmoja, akaandika. Ile sehemu ya katikati haikupatikana. Basi wakaamua kuitunga upya, naye akasimama akawaonyesha namna anavyotwanga mahindi nyumbani kwake. Wengine walicheka. Mpiga ngoma hakucheka, alikuwa ameshaanza kulifuata lile goti. Tulipowaaga jua likizama walikuwa bado hawajaafikiana mapigo yawe 8 au 12.