Duara la Buluu Pale Mbaraki

Simama Mbaraki, Mombasa, karibu na ule mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, ufungue ramani kwenye simu. Mara nyingi kwanza huja duara pana la buluu lililofunika mtaa, pengine mpaka maji ya Kilindini. Sekunde chache baadaye linasinyaa, kinabaki kitone.

Duara pana hutokana na minara ya simu. Simu inajua imeshikwa na mnara upi, lakini mnara mmoja huhudumia mamia ya mita, hata kilomita kadhaa. Mbaraki ina tabu yake ya ziada: juu ya maji hakuna cha kuzuia mawimbi ya simu, kwa hiyo simu yaweza kudaka mnara wa Likoni, na ikitegemea minara peke yake ikakuweka ng'ambo ya kivuko.

Kitone huletwa na setilaiti. Zile za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, zikikimbia karibu kilomita 4 kwa sekunde. Simu hupima muda ambao mawimbi ya setilaiti yametumia njiani, na saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka mita 300. Ndiyo maana zinahitajika setilaiti nne: tatu za kupata mahali, ya nne ya kusahihisha saa ya simu.

Lakini setilaiti hutuma habari zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Kupokea maelezo ya njia inayopita huchukua kama nusu dakika bila kukatika. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mawimbi hukatika, na simu huanza upya. Hapo mtandao wa simu ndio mkombozi: maelezo yale yale hupakuliwa mara moja, pamoja na saa na makadirio ya mahali, na simu ikajua itafute setilaiti zipi.

Kuna jambo moja mtandao hauliwezi. Mawimbi yakigonga ubavu wa kontena au ukuta mrefu kabla ya kufika, safari yake hurefuka, na kitone huhamia barabara ya pili.

Basi ukimwitia mgonjwa gari la hospitali, washa data, toka uende penye uwazi, ngoja duara lisinyae ndipo utume lokesheni. Kisha mtajie dereva msikiti, duka au geti lililo karibu nawe.