Maneno yenye sura moja na maana mbalimbali

Wenzetu wa kalasi za chini wametuomba tueleze kidogo juu ya maneno ya Kiingereza ambayo yanaandikwa kwa herufi zilezile kama maneno ya Kifaransa, au kama maneno ya Kiswahili chetu, na kumbe maana yake ni nyingine kabisa. Tumekubali, si kwa sababu tunajua sana. Tumekubali kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kupotea katika jambo hili, na kupotea kwetu kulimwumiza mtu.

Ilikuwa wakati wa likizo. Bibi yetu mzaa mama alikuwa anaumwa magoti na mgongo, hata kuinuka kitandani ilikuwa kazi. Mjomba akamletea vidonge kutoka sokoni, ndani ya kasha dogo lililotoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Karatasi iliyokuwa ndani iliandikwa Kiingereza tu, Kifaransa hakuna hata kidogo. Watu wote wa nyumba wakatugeukia sisi: huyu si ndiye tunamlipia masomo? Tukachukua karatasi, tukakohoa kidogo kama mwalimu, tukaona maneno 'for pain', kisha hesabu ya vidonge. Sasa, Kifaransa tunakijua tangu shule ya msingi, na katika Kifaransa 'pain' ni mkate. Tukasema kwa sauti kubwa: 'Bibi, dawa hii inataka mkate. Usiimeze bila mkate.'

Bibi akajibu: 'Mume wangu, mimi nina wali na sombe. Mkate nitautoa wapi saa hii?' Sisi tukakaza: karatasi imesema hivyo. Mtoto akatumwa sokoni, akarudi mikono mitupu. Akatumwa tena kwa mama mmoja anayeoka, akakuta ameshauza yote. Bibi akakaa na maumivu yake tangu saa sita ya mchana mpaka jua kutua, vidonge mkononi, anangoja mkate. Jioni akapita jirani yetu anayefanya kazi ya kuuguza wagonjwa. Akasoma karatasi, akaanza kucheka, halafu alipotazama uso wa bibi akaacha. 'Pain' ya Kiingereza ni maumivu. Karatasi ilisema tu kwamba dawa ni ya kutuliza maumivu, basi.

Tangu siku ile tuna daftari. Kila neno la namna hii tunaliandika ndani, na mpaka leo kurasa zake zimekaribia kujaa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba maneno haya si ya ukoo mmoja. Mengine ni wageni wawili waliokutana njiani wakafanana sura, kama vile unavyoweza kumkuta mtu Kindu anayefanana na kaka yako, na hamna undugu wowote. 'Pain' ni wa namna hiyo. Mkate wa Wafaransa umetoka katika neno la Kilatini 'panis'. Maumivu ya Waingereza yametoka katika Kilatini 'poena', yaani adhabu, yakapita katika Kifaransa 'peine' kabla ya kufika Uingereza. Baba mbalimbali, mama mbalimbali, ila mwisho wamevaa nguo moja.

'Chair' vilevile. Sisi wa shule ya Kiprotestanti tunaijua sana 'chair' ya Kifaransa, kwa sababu ndiyo inayotajwa katika Biblia ya Kifaransa pale inaposemwa juu ya mwili na nyama. Lakini mwalimu wa Kiingereza akikuambia uchukue 'a chair', anataka kiti. Usimkatie nyama. 'Four' kwa Mfaransa ni tanuru ya kuoka, kwa Mwingereza ni hesabu ya nne. 'Main' kwa Mfaransa ni mkono, kwa Mwingereza ni kitu kikuu, ndiyo maana 'main road' ni barabara kuu, hata kama barabara hiyo ni kama hii yetu ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua. 'Sale' kwa Mfaransa ni chafu, kwa Mwingereza ni kuuza kitu. Ukiona nyumba imeandikwa 'for sale', mwenye nyumba hakutukanwa.

Kuna 'but'. Uwanjani sisi wote tunapiga kelele 'But!' mpira ukiingia nyavuni, kwa maana katika Kifaransa ni bao, tena ni lengo. Katika Kiingereza 'but' ni lakini. Mwenzetu mmoja, mlinda mlango hodari, anasema Kiingereza kina haki, kwa sababu kila bao alilofungwa lilikuwa na lakini yake.

Na kuna 'or'. Hili linatuhusu sisi watu wa kusini ya Maniema kuliko wengine. Anayetoka upande wa Kabambare, kule Salamabila na Namoya, ameyaona maandishi ya 'achat d'or' kwenye vibanda vya wanunuzi, na hakuna mtoto asiyejua kwamba 'or' ni dhahabu. Katika Kiingereza 'or' ni neno dogo tu la kuunganisha, maana yake au. Tulipopewa swali lililoandikwa 'true or false', mmoja wetu akadhani swali linauliza juu ya dhahabu ya kweli na dhahabu ya uongo. Tulicheka, lakini yeye kwao wanachimba, na swali hilo la dhahabu ya uongo wameliona kwa macho. Kosa lake lilikuwa na akili ndani.

Namna ya pili ni maneno ambayo kweli ni ndugu, yametoka tumbo moja, kisha yakahama na kukaa mbali, kila moja likachukua desturi za mahali lilipokaa. Hapa lazima turudi nyuma katika historia. Mwaka 1066 mtawala wa Normandy, Guillaume, ambaye Waingereza wanamwita William, alivuka bahari kutoka Ufaransa na kuishinda Uingereza. Toka hapo, kwa muda wa kama miaka 300, wakubwa wa Uingereza walisema Kifaransa katika jumba la mfalme na barazani, na watu wa kawaida waliendelea na Kiingereza chao mashambani. Ilipofika mwaka 1362 ndipo sheria iliagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu wengi hawakuelewa walichoshitakiwa. Lakini wakati huo maneno ya Kifaransa kwa maelfu yalikuwa yameshaingia. Sisi tunaosema Kiswahili hatuwezi kushangaa. Nani hapa Kasongo anasema sentensi tatu bila neno la Kiarabu ndani yake?

Basi 'library' ya Kiingereza ni mtoto wa 'librairie' ya Kifaransa cha zamani, iliyokuwa mahali pa kukusanya vitabu. Waingereza wakaiacha na maana hiyo: nyumba ya kusomea na kuazima. Wafaransa wakaigeuza kuwa duka la vitabu. Ukimwambia Mwingereza kwamba umeenda 'library' ukanunua kitabu, atafikiri umekiiba. Hata 'coin' ni ndugu. Kwa Wafaransa ni pembe, lakini zamani ilikuwa pia kabari, na chuma cha kugongea alama juu ya fedha. Waingereza wakashika maana ya fedha peke yake, ndiyo sarafu.

Ndugu hawa ni hatari kuliko wageni, kwa maana wanafanana karibu kabisa na mtu hashtuki. Ukikosea 'chair', sentensi yako yote inapinduka na utajua. Ukikosea 'demand' hutajua. Mfaransa akisema 'demander', anaomba kwa heshima. Mwingereza akisema 'demand', anadai, anakunja uso. Mwanafunzi anayeandika barua ya Kiingereza kwa mfadhili na kusema 'I demand your help' anadhani amepiga magoti, kumbe ameingia na fimbo. Vilevile 'attend' ya Kiingereza ni kuhudhuria, na 'attendre' ya Kifaransa ni kungoja.

Linalotugusa sisi wa kalasi ya mwisho kupita yote ni 'pass'. Kifaransa kinasema 'passer un examen' kwa mtu aliyekaa na kufanya mtihani, hata kama alianguka vibaya. Kiingereza kinasema 'pass an exam' kwa mtu aliyeshinda. Mmoja aliyetutangulia, baada ya kufanya mtihani wa Leta, alimwandikia baba yake mdogo aliye Uganda kwa Kiingereza, kuonyesha kwamba amesoma: 'I passed the exam in June.' Alitaka kusema kwamba amefanya mtihani na anangoja matokeo. Baba mdogo akafurahi, akatuma pesa, akaita rafiki zake. Matokeo yalipotoka, jina halikuwemo. Mpaka leo mzee yule anafikiri alidanganywa, na kijana hakupata tena ujasiri wa kumweleza habari ya neno moja. Sisi tunaona heri angeandika Kiswahili.

Namna ya tatu ni Kiswahili chetu wenyewe. Hapa hakuna undugu hata mdogo, wala historia ya Guillaume. Ni herufi tu. Tazama: 'lake', 'wake', 'mate', 'pale', 'vile', 'pole', 'kale', 'tuna'. Mtu wa kwetu anasoma yote bila shida. Jina lake, watoto wake, mate ya mdomoni, pale mtoni, vile vitabu, pole mama, zamani za kale, sisi tuna njaa. Mwingereza naye anasoma yote bila shida: ziwa, amka, mwenzi, rangi iliyofifia, kitu cha kuchukiza, mti mrefu wa kusimamisha, mboga ya jamii ya kabeji, samaki wa baharini. Hakuna hata neno moja wanalokutana. Mtoto wa kalasi ya saba alisoma kwenye ramani 'Lake Tanganyika' akauliza: 'Ni nini lake, jina lake?' Tusimcheke. Alisoma vizuri kabisa, ila kwa lugha nyingine.

Kwa nini inakuwa hivyo? Kiswahili kiliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyekaa hapa Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi hizo, na baadaye Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kuwa za Kilatini. Wamisionari na wataalamu waliokiandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini katika karne ya 19 walipatana jambo moja jema: kila herufi isikike. Kiingereza hakina bahati hiyo. Zamani Waingereza nao waliitamka 'e' ya mwisho katika maneno mengi. Halafu matamshi yakaanza kubadilika, na wakati yanabadilika, mwaka 1476, William Caxton alileta mashine ya kupiga chapa. Vitabu vikaanza kugandisha maandishi, na midomo ikaendelea na safari yake. Ndiyo sababu 'e' ya 'lake' imekaa pale kama mzee barazani, hasemi neno, lakini akiondoka mambo yanabadilika. Na 'k' ya 'knife' ni hivyohivyo: ilisikika zamani, leo imenyamaza.

Hata majina ya nchi yetu yaliandikwa na masikio ya wageni. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Kabla ya hapo alilala na vidonda vya miguu pale Kabambare, tangu mwezi wa 7 mwaka 1870 mpaka mwezi wa 2 mwaka 1871. Katika maandishi yake Kabambare ni 'Bambarre', na Maniema ni 'Manyuema'. Wabelgiji wakaandika 'Maniema' kwa desturi ya Kifaransa. Ndugu zetu waliohamia Ujiji na Kigoma wanaitwa Wamanyema, na 'y' yao ni sahihi kuliko 'i' yetu, kama mnataka tuseme ukweli.

Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, 'The Standard' la mwaka 1869, akikatisha mistari iliyopigwa chapa. Wino nao ulikwisha, akatumia maji ya mbegu za mmea wa hapa kwetu. Maandishi yale yakafifia, yakachanganyika na ya gazeti, hata watu wakashindwa kuyasoma. Wataalamu waliyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, na mwaka 2011 yakatolewa wazi. Humo ndani imo siku ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, watu walipopigwa bunduki katika soko la Nyangwe, na waliokufa walikisiwa kuwa kati ya 330 na 400. Ni babu na bibi zetu wale, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Habari yao imeandikwa kwa Kiingereza, na sisi tunataka kuisoma wenyewe, neno kwa neno, bila kuchukua maumivu tukayaita mkate.

Daftari letu liko kwa kapita wa kalasi ya mwisho. Anayetaka kunakili aje baada ya masomo ya mchana na bic yake mwenyewe. Anayejua neno ambalo halimo, alilete kabla ya Ijumaa, tutaliongeza katika toleo linalokuja. Bado hatujapata la kuanza na herufi 'q'. Bibi naye anaendelea vizuri, ila kila tukifika nyumbani anatuuliza kama tumeleta mkate.