Fahamu: Kwa nini sabuni inaviweza virusi vya Marburg
Ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2023, na tena Januari 2025, wananchi walihimizwa kunawa mikono kwa sabuni. Naamini anayejua kwa nini atasugua vizuri zaidi kuliko aliyeamriwa tu.

Jibu linaanzia kwenye seli: kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba mno, wenye unene wa takriban nanometa 5. Umejengwa hasa kwa fosfolipidi: molekuli za mafuta zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini hujipanga zenyewe safu mbili, vichwa nje, mikia ndani. Hakuna gundi inayozishika. Huteleza na kubadilishana nafasi muda wote. Waholanzi Evert Gorter na François Grendel ndio waliobaini mwaka 1925 kuwa safu ni mbili, kwa kupima mafuta ya chembe nyekundu za damu.

Virusi vya Marburg, kama vile vya Ebola, hujivika kipande cha utando huo vinapochomoza kutoka kwenye seli. Hapo ndipo penye udhaifu wake. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa na mkia. Mkia hujipenyeza katikati ya mafuta, joho hilo la utando linararuka, na kirusi hakiwezi tena kuingia seli nyingine.

Virusi vya polio, kinyume chake, havina joho la mafuta. Kwa hivyo sabuni huving'oa tu kwenye ngozi vikaondoka na maji, na ndiyo maana kupaka kitakasa mikono hakuchukui nafasi ya kunawa kwa maji yanayotiririka.