Kompyuta ya Injini: Kuipima Kabla ya Kuibadilisha

Pikapu iondokayo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, huanza safari yake mahali palipo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ikishapita Tukuyu huvuka nyanda za baridi za Uporoto, zilizo juu ya mita 2,000, kisha huteremka hadi mji wa Mbeya kwenye mita 1,700 hivi. Ikiwa ina mzigo wa Chunya, itaipasa kupanda tena milima iliyo kaskazini ya mji, ambako barabara hupita juu ya mita 2,400. Katika safari hiyo ya siku moja kanieneo ya hewa hupungua kutoka kilopaskali 95 hivi hadi karibu 76. Abiria huziba masikio. Injini nayo hukosa pumzi, maana ili petroli iungue barabara, kila kilo moja yake huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa.

Katika enzi ya kabureta uwiano huo ulitegemea tundu dogo la kupitishia petroli. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam, kwenye kilopaskali 101, lilipofika Mbeya lilikuta kilopaskali 82 tu. Hewa ilipungua kwa karibu moja ya tano, lakini petroli haikupungua kwa kiasi hichohicho. Moshi mweusi ulitoka, plagi zikajaa masizi, na fundi akalazimika kubadili tundu kwa mkono wake. Leo, katika pikapu nyingi za petroli, marekebisho hayo hufanywa bila dereva kujua, ndani ya kisanduku cha bati ambacho mafundi wengi hukiita kontrol boksi. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini.

Chombo hiki si kigeni sana kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mfumo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa na transista, ukafungwa katika gari la Volkswagen 1600. Mwaka 1979 kampuni hiyohiyo ilitoa Motronic, ambamo kompyuta moja ya tarakimu iliongoza petroli na cheche za plagi kwa pamoja. Tangu hapo kazi ya msingi haikubadilika: sensa hupeleka habari za hewa, joto na mwendo wa injini, kompyuta hupiga hesabu, nozeli hufunguka kwa muda wa elfu chache za sekunde na kufungwa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu moja tu ya 50 ya sekunde. Mwanafunzi akigawanya muda huo kwa nyuzi 360 za duara ataona kwamba cheche ikichelewa kwa sehemu 55 tu katika milioni za sekunde, imekosea kwa uzi mzima.

Basi pikapu ikianza kukohoa mlimani, kuzimika ikipata moto, au kunywa petroli kupita kiasi, lawama huangukia kisanduku hicho. Ni mshtakiwa wa kwanza, na aghalabu ndiye asiye na hatia. Kontrol boksi iliyotolewa katika gari bovu huweza kumeza faida ya safari nyingi za mchuuzi wa viazi, na ikifungwa bila kupima, ugonjwa hubaki palepale. Kosa la kufikiri hapa ni rahisi kuliona: kompyuta hutoa jibu kutokana na habari inazoletewa, na mtu aliyedanganywa hawezi kutoa hukumu ya haki.

Njia ya kuitafuta kweli huanzia kwenye taa ya injini iliyoko mbele ya dereva. Katika magari mengi ya Toyota yaliyoundwa kabla ya mwaka 1996, fundi huunganisha kwa kipande cha waya vituo viwili vilivyoandikwa TE1 na E1, akawasha swichi bila kupiga injini moto, kisha akahesabu jinsi taa inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia toleo la mwaka 1996 yalilazimishwa kuwa na soketi na lugha moja, na mashine ndogo ya mkononi husoma namba hizo.

Lakini namba si hukumu. Namba 22 haisemi kwamba sensa ya joto la maji imekufa. Inasema kwamba katika njia ya sensa hiyo kuna habari isiyowezekana. Kosa laweza kuwa kwenye sensa, kwenye waya, kwenye soketi iliyoingia kutu, au kwenye kompyuta yenyewe. Mambo manne, na mita ya kupimia umeme huyatenganisha. Sensa ya joto ni kikinzani ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda: katika Toyota nyingi huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20 za Sentigredi, na kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Jaribio hili laweza kufanyika katika maabara ya shule yoyote kwa sufuria ya maji, kipimajoto na sensa iliyotupwa gereji. Grafu itakayochorwa haitakuwa mstari ulionyooka, na swali la kwa nini litawafaa wanafunzi.

Sensa ikiwa nzima, fundi huichomoa na kupima kwenye soketi yake: volti 5 zinapaswa kuwapo swichi ikiwashwa. Zisipokuwapo, bado asiikimbilie kompyuta. Sensa nyingine iliyoungana na chuma cha gari huweza kuzivuta chini volti hizo kwa wote, kwa hiyo huzichomoa moja baada ya nyingine huku akitazama mita.

Kisha huja jambo ambalo hupuuzwa kuliko yote, nalo ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Injini ikiunguruma, ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye waya hasi wa kompyuta. Tofauti isizidi sehemu ya kumi ya volti. Ikifika nusu volti, waya umeoza mahali, na kila sensa itaonekana mwongo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Maji na kutu havikosi pa kuingilia.

Ni pale tu umeme unapofika sawasawa, habari zote zikiingia zilivyo, na amri zikitoka mbovu, ndipo kisanduku kinapofunguliwa. Ndani yake mara nyingi kuna kapasita zenye maji ya kemikali. Joto na miaka huzikausha au kuzipasua, na maji hayo hula njia za shaba, yakiacha ukijani na harufu kama ya samaki. Fundi wa redio mwenye mkono mtulivu huweza kulehemu kapasita mpya, na kisanduku kikafufuka.

Kisipofufuka hubadilishwa, na hapo namba iliyo kwenye kibandiko ilingane na ya zamani, maana visanduku viwili vyenye sura moja huweza kuwa vya injini au giaboksi tofauti. Katika magari mapya zaidi kompyuta hulitambua hata pigo la siri la ufunguo, na isipotambulishwa haitawasha injini. Waya hasi wa betri huondolewa kwanza. Pia kiulizwe kilichoua kisanduku cha kwanza. Nozeli za aina nyingi zina ukinzani wa omu 12 hadi 16, hivyo kwa volti 14 mkondo hauzidi ampea moja na kidogo. Nozeli iliyoshikana ndani hadi omu 2 huvuta ampea 7, na transista mpya itaungua siku ileile. Welda anayeunga vyuma vya bodi bila kuchomoa kompyuta naye hupitisha mkondo mkali usiotarajiwa.

Baada ya kufunga, vipimo vyote hurudiwa na kuandikwa, kisha pikapu hupakiwa mzigo na kupandishwa njia ya Chunya, injini ikiwa moto, hadi mahali ambapo hapo awali ilikuwa ikizimika.